Ndevu baada ya miaka 40: zinatuzeesha au zinatusitiri?

#1 Kigoda cha Tatu
Wakuu, kwema? Niende kwenye mada.

Nina miaka 46. Kipara kimeanza kula mbele, kitambi kipo ila cha wastani. Tangu ujana nilikuwa mtu wa kunyoa. Mwaka jana kazi ziliponibana nikaziacha ndevu zijiendee, zikajaa. Mvi zimejikusanya kidevuni, pembeni bado ni nyeusi tii.

Sasa heshima imezidi hadi imekuwa kero. Makondakta wananiita mzee. Dada wa benki, mtu mzima mwenye watoto wake, ananipa shikamoo. Kwenye daladala ya Gongo la Mboto kijana kanipisha siti, na sikuwa nimechoka.

Nyumbani mke anasema nisithubutu kunyoa, eti uso wangu mtupu ni wa mtu aliyetoka kuugua. Dada yangu anasema nimejizeesha makusudi. Kinyozi naye anataka kuzipaka rangi.

Swali: kwa mwanaume wa 40 hadi 55, ndevu zinamwongezea umri au zinamsitiri? Karibuni.

#2 Bata Mzinga
Weka picha. Uzi wa sura usio na sura ni chai.

#3 Wembe Butu
Hii ndiyo kazi inayonilisha, nina saluni Mabibo, ngoja niseme kidogo.

Mkuu, mnazungumzia ndevu kana kwamba ni kitu kimoja. Kwangu mimi kinachozeesha ni mchongo. Mtu akishavuka 40, nyama ya chini ya taya inalegea na ule mstari kati ya uso na shingo unafifia. Ndevu zikikaa vizuri zinamchorea taya jingine. Zikikaa vibaya zinatangaza kile alichotaka kukificha.

Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuchongwa mstari wa shingo juu kabisa, kwenye taya lenyewe. Anadhani ndiyo usafi. Akiinama tu kusoma simu, kidevu cha pili kinamwagika chini ya mstari. Mstari unatakiwa ushuke, vidole viwili juu ya koromeo, halafu mashine ipunguze taratibu kuelekea chini.

Mwenye uso wa duara na mashavu, mashine iwe namba ndogo pembeni (zikatwe fupi), chini urefu kidogo. Mwenye uso mrefu mwembamba ni kinyume chake: pembeni zijae, chini zisirefuke, la sivyo anakuwa na uso wa farasi. Mleta mada hajatuambia uso wake ukoje, kwa hiyo wote humu tutapiga ramli.

#4 Bint Msambaa
Wembe Butu umeongea kitaalamu, lakini sisi tunaowaangalia hatupimi mataya. Tunaangalia kama mtu anazitunza. Mwanaume wa miaka 50 mwenye ndevu za mvi zilizochanwa na kupakwa mafuta, shati limepigwa pasi, huyo simwiti mzee, namwita mtu mzima. Mwingine ana 41, ndevu zimekaa na makombo ya chapati. Huyo shikamoo yake haikwepeki.

#5 Nusu Shahada
Jambo hili limeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2012 watafiti wawili, Dixson na Vasey, walichukua picha za wanaume wale wale, kwanza wakiwa na ndevu kamili, kisha wakiwa wamenyoa, wakawaonyesha watu wa New Zealand na wa Samoa. Mwenye ndevu alionekana na umri mkubwa zaidi, mwenye hadhi zaidi, na akikunja uso alionekana mkali zaidi. Wanawake hawakumwona mzuri zaidi. Kwa hiyo jibu ni kwamba ndevu zinazeesha, tufunge uzi.

#6 Mvuvi wa Nchi Kavu
Nusu Shahada, jina lako linakutosha. Umetaja hadhi ukapita mbio kama hujaiona. Kuonekana una hadhi ndiyo faida yenyewe, hasa kwetu ambako ukionekana kijana ofisini unatumwa maji ya kunywa.

Halafu huyo huyo Dixson alirudi mwaka uliofuata na mwenzake Brooks, safari hii wakaweka hatua mbalimbali: uso ulionyolewa, ndevu chipukizi, chipukizi zilizokolea, na ndevu kamili. Wanawake wakachagua zile chipukizi zilizokolea, za siku kama 10 hivi, kuwa za kupendeza zaidi. Ndevu kamili zikaongoza kwenye swali la nani anafaa kuwa baba wa watoto. Ukiuliza nani anapendeza unajibiwa hivi, ukiuliza nani anaaminika unajibiwa vingine.

#7 Bata Mzinga
Kwa hiyo kama unatafuta mchepuko acha za siku 10, kama unatafuta mkopo acha kamili. Nimeelewa.

#8 Mama wa Wawili
@Bata Mzinga 😂😂 wewe hujatulia.

#9 Ngazija Mjini
Kuna jambo mnalikwepa. Mleta mada kasema kipara kimeanza. Hapo ndipo penye siri. Kichwa kikipungua nywele, macho ya mtu yanapanda juu, kwenye upara. Ukiwa na ndevu, macho yanashuka. Waangalieni watu wa mpira: Guardiola na Thierry Henry, wote vichwa vitupu, wote wana ndevu fupi zenye mvi. Henry wa Arsenal alikuwa na kidevu chepesi. Huyu wa kwenye televisheni ana ndevu nyeupe na amezidi kupendeza. Wanyoeni wote wawili wembe, mtaona mayai mawili.

#10 Kigoda cha Tatu
Ngazija, hoja hii nimeipenda kuliko ya kinyozi. Lakini mbona kichwa kinakimbiwa na nywele wakati kidevu kinazidi kuota? Mwili ule ule, damu ile ile.

#11 Mwalimu wa Baiolojia
Kigoda, swali zuri. Homoni ni moja lakini mashina ya nywele hayaitikii sawasawa. Testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa DHT. Mashina ya kidevuni yakiipata yanatoa unywele mnene na mrefu zaidi. Mashina ya utosini, kwa mtu mwenye urithi wa upara, yanaipata ile ile yakasinyaa, unywele unatoka mwembamba mpaka hauonekani tena. Ndiyo maana watu wengi ndevu zao zinaendelea kujaa hata baada ya kufika miaka 30, huku utosi unafunguka.

Mvi nazo ni suala jingine. Seli zinazotia rangi kwenye shina zinapungua au zinachoka, unywele unatoka bila melanini. Zinaweza kuanzia kidevuni, zinaweza kuanzia panda la uso. Urithi una sehemu kubwa.

#12 Kijana wa Makamo
Mimi nina 39 na kidevu changu kina visiwa. Mzee wangu alinifundisha ninyoe kila mara ili zijae. Bado nanyoa, bado ni visiwa.

#13 Mwalimu wa Baiolojia
@Kijana wa Makamo hilo liliangaliwa tangu 1928 na Mildred Trotter, likaonekana halina ukweli. Wembe unakata unywele ulioko nje, shina liko chini ya ngozi halina habari. Kinachokudanganya ni ncha. Unywele ambao haujaguswa una ncha nyembamba, uliokatwa una ncha butu, ukichomoza unakwaruza na unaonekana mnene.

#14 Wembe Butu
Mwalimu asituharibie biashara.

Utani pembeni, Kijana wa Makamo, mwenye visiwa asilazimishe ndevu kamili. Acha mustachi na kidevu viungane kuzunguka mdomo, mashavu toa yote. Na hao wanaouza vichupa vya mafuta ya kuotesha ndevu barabarani, uliza kwanza ndani mna nini. Vingine vimewekwa minoksidili, dawa inayotumika kwa upara wa kichwani. Wapo wanaosema imewasaidia kidevuni, ila inawasha, inakausha ngozi, na nimewahi kumwona mteja kaota vinyweleo hadi juu ya mashavu.

#15 Mlinzi Mstaafu
Habari za humu. Nimesoma wote, mnazungumza kama watu wenye uhuru wa kuchagua. Miaka yangu yote ya kazi kunyoa ilikuwa amri. Na mimi ni wa wale ambao wembe ukipita, kesho yake shingo imejaa vipele, kesho kutwa usaha. Nimestaafu na shingo nyeusi yenye makovu kama ganda la fenesi. Sasa nimefuga. Wanangu wanasema nimezeeka, mimi naona nimepona. Sikufuga kwa mapambo, nimesitiri makovu.

#16 Mwalimu wa Baiolojia
Pole sana mzee. Hilo linawapata sana watu wenye nywele za kipilipili. Unywele uliojikunja ukikatwa chini kabisa, ncha yake inageuka na kurudi kuchoma ngozi, mwili unaupiga vita kama mwiba. Asiye na ruhusa ya kufuga atumie mashine inayoacha kama milimita moja, asivute ngozi wakati wa kunyoa, na asitumbue.

#17 Nusu Shahada
Majeshi yote duniani yanakataza ndevu kwa sababu ya nidhamu na barakoa za gesi. Hata Uingereza.

#18 Mvuvi wa Nchi Kavu
Nusu Shahada tena. Jeshi la nchi kavu la Uingereza limeruhusu ndevu tangu Machi 2024, na urefu umepangwa, milimita 2.5 hadi 25.5, zisiwe na viraka. Jeshi lao la majini limewaacha mabaharia wafuge tangu enzi na enzi. Na nikuongezee: hadi Oktoba 1916, katikati ya vita kuu, mwanajeshi wa nchi kavu wa Uingereza alikuwa anakatazwa *kunyoa* mustachi. Hilo la barakoa ni kweli, ndevu zinazuia isishike uso. Hilo la nidhamu ni mazoea tu, kila zama na lake.

#19 Bint Msambaa
Naona mmehamia vitani. Mtu kauliza kuhusu sura yake.

#20 Maskati ya Leo
Assalaam alaykum. Niko huku Oman mwaka wa kumi na kitu, niseme ya huku.

Huku mtu mzima asiye na ndevu ndiye anayeshangaliwa. Marehemu Sultani Qaboos alishika nchi 1970 akiwa na miaka 29, ndevu nyeusi. Akafariki Januari 2020 na ndevu nyeupe. Picha zake zilitundikwa kila duka, kila ofisi, na uliweza kukisia mwaka wa picha kwa kuangalia kidevu. Hakuna aliyesema amechakaa. Ndevu zilikuwa nyeupe lakini zimekatwa kwa mstari ulionyooka, kilemba kimekaa, kanzu haina doa. Kwa hiyo mimi niko na dada Bint Msambaa: utunzaji.

Kuhusu rangi: kwetu Waislamu ndevu ni sunna kabla hazijawa urembo, na kuzipaka pia kuna maelekezo. Baba yake Sayyidna Abubakar, Abu Quhafa, aliletwa siku ya kufunguliwa Makka kichwa na ndevu vyeupe pee. Mtume (s.a.w.) akaamrisha zibadilishwe rangi, na akasema waepuke nyeusi. Ndiyo maana wazee wengi pwani utawaona na ndevu nyekundu za hina. Kwa Washafi (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi), Imamu Nawawi aliona nyeusi ni haramu, wengine wakasema ni makuruhu, yaani haipendezi ila si haramu. Mleta mada, kinyozi wako akikuletea nyeusi, uamuzi ni wako na dini yako.

#21 Kigoda cha Tatu
Shukrani Maskati. Mimi ni Mkatoliki ila nimejifunza. Hina ikikaa kwenye mvi za kidevu tu, pembeni nyeusi, si nitaonekana nimelamba mawese?

#22 Mama wa Wawili
Kabla hujapaka chochote cheusi, sikiliza. Shemeji yangu, miaka 51, alikuwa na harusi ya binti yake. Ijumaa jioni akapaka rangi nyeusi ya unga, ile ya kuchanganya na maji. Usiku kidevu kikaanza kuwasha. Asubuhi midomo imevimba, mashavu yamevimba, macho hayafunguki. Binti kaozeshwa, baba yuko kwenye dripu. Picha za harusi hayumo.

Dawa nyingi nyeusi, pamoja na piko na zile zinazoitwa hina nyeusi, zina kemikali inaitwa PPD. Wengine haiwadhuru. Wengine mara ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu mwili unakataa. Hina ya kweli haiwi nyeusi, inatoa wekundu. Jaribu kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, subiri siku mbili. Na ukishavimba mara moja usirudie tena maisha yako.

#23 Wembe Butu
Mama wa Wawili umesema kweli. Mimi nawajaribishia wateja, wengine wanaona nawachelewesha.

Halafu hata isipodhuru, nyeusi tii inazeesha. Mtu wa miaka 50 ana mikunjo chini ya macho, kope zina mvi mbili tatu, halafu kidevu cheusi kama lami. Kila mtu anajua. Na wiki ikiisha mizizi inachomoza nyeupe, anakuwa na mstari. Anayetaka rangi namshauri kahawia iliyokolea, na tusizizibe mvi zote.

#24 Wakili wa Shetani
Mimi napinga uzi mzima. Hakuna ndevu inayozeesha wala kusitiri, kuna fasheni tu. Miaka ya 90 na 2000 mwanzoni, nani alikuwa na ndevu hapa Dar? Masheikh, rasta na mgonjwa. Mwanaume wa ofisini ananyoa. Leo kijana wa chuo ana ndevu mpaka kifuani, kwa hiyo baba yake akifuga anaonekana anaiga. Kuna utafiti wa 2014, Brooks na huyo huyo Dixson wenu walikuwemo, uliosema ndevu zinapendwa zaidi zikiwa adimu, na uso ulionyolewa unapendwa zaidi ukiwa adimu. Mitaa yetu imejaa ndevu. Nyoeni, muwe adimu.

#25 Mvuvi wa Nchi Kavu
Hii ina mantiki, ila ule ulikuwa mchezo wa picha kwenye kompyuta. Mke wa Kigoda haangalii picha kibao, anaangalia moja kila asubuhi.

#26 Mkamba Asili
Wazee wa TZ, salamu kutoka Machakos. Huku kwetu swali lilijibiwa kitambo. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa na ndevu, na hakuna mtu aliwahi kumfikiria bila hizo. Amekufa 1978, akaja Moi, uso umenyolewa safi kila siku. Ghafla wanaume wa serikali wote wakawa wasafi kidevuni. Mkubwa akinyoa, wote mnanyoa. Hiyo ndiyo sayansi.

#27 Ngazija Mjini
Mkamba, na kwetu? Toa noti ya elfu moja uangalie. Mwalimu Nyerere ana mustachi ndogo juu ya mdomo, basi. Baba zetu wote wakawa nazo. Marehemu mzee wangu alikuwa na mkasi wake wa mustachi, haruhusiwi mtu kuugusa.

#28 Bint Msambaa
Mustachi peke yake mtusamehe. Ikiwa na mvi mtu anaonekana amekunywa maziwa akasahau kujifuta.

#29 Mlinzi Mstaafu
Binti, hiyo mustachi ndiyo iliyomwoa mama yako.

#30 Bint Msambaa
Baba kaoa akiwa amenyoa, picha ninazo 😂 Shikamoo mzee.

#31 Nusu Shahada
Narudi, safari hii nina hakika. Abraham Lincoln. Oktoba 1860 mtoto wa kike wa miaka 11, Grace Bedell, alimwandikia barua afuge ndevu, kwamba atapendeza zaidi kwa sababu uso wake ni mwembamba sana. Lincoln alikuwa na miaka 51 na hajawahi kufuga. Akashinda uchaguzi wa urais wa Marekani, akafuga, na sasa hakuna anayemkumbuka bila hizo. Kwa hiyo mke wa Kigoda na huyo mtoto wamesema jambo moja: uso uliokonda ndevu zinaujaza.

#32 Mvuvi wa Nchi Kavu
Hii nimekosa pa kukushika. Ila alikuwa na ndevu bila mustachi, na huo mtindo Wembe Butu akikupa leo utamshtaki.

#33 Wakili wa Shetani
Trudeau wa Kanada naye. Alikuwa anaitwa kijana kijana hata akiwa waziri mkuu. Januari 2020 akarudi likizo na ndevu zenye mvi, ana miaka 48, ikawa gumzo. Huyo alizihitaji ili azeeke. Sasa Kigoda, wewe bosi wako anakuonaje? Kama bado unatumwa vocha, fuga. Kama umeshaitwa mzee ofisini, zinakuongezea nini?

#34 Kigoda cha Tatu
Niko idara ya stoo, bosi wangu ana miaka 34 na ananiamkia. Zamani alikuwa ananiambia "vipi braza". Sijui niseme ni hasara au faida, maana tangu aanze kuniamkia hajanikaripia.

Kwa sasa nimempa kinyozi apunguze, namba 2 pembeni, mvi nimeziacha. Mke kanuna kidogo, dada kanuna zaidi. Endeleeni kujadili.

#35 Kijana wa Makamo
Wote mmeongea kidevu na mustachi, hakuna aliyetaja nywele za puani na masikioni. Baada ya 40 zinatoka utadhani zinamwagiliwa. Mimi nadhani hizo ndizo zinazozeesha kuliko ndevu zote humu.

#36 Mama wa Wawili
HATIMAYE. Asante. Mwanaume anachonga ndevu kwa elfu kumi, puani kuna msitu.

#37 Wembe Butu
Mkasi mdogo wenye ncha butu au kamashine kake, kata zile zinazochungulia tu. Msizivute, pua inapata jipu la ndani na halina mchezo. Kwangu hiyo ni bure ukishanyoa.

#38 Bata Mzinga
Wembe Butu, Mabibo sehemu gani? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#39 Wembe Butu
Njoo inboksi. Usije Jumamosi, foleni ni ya vijana wa kunyoa fedi. Njoo Jumanne asubuhi na huyo rafiki yako.